Hita ya Watu Watano

Asubuhi ambayo hita ya tangi ilianza kuvuja, mshonaji alikuwa jikoni anapaka siagi mikate ya watu wanne. Tone la kwanza lilianguka kwenye ndoo ya plastiki bafuni, na akajua ni nini kabla ya kwenda kutazama. Tangi lilikuwa limezeeka. Lilikuwa na kutu tumboni, lilinguruma likipata moto, na koili yake ilikuwa imevaa chumvi ya maji kama koti. Hata hivyo lilikuwa halijawahi kugoma, na nyumba ile haikuwa na desturi ya kumstaafisha mtu anayefanya kazi bila kulalamika.

Maji yake yalitosha watu wanne. Nyumba ilikuwa na watu watano.

Utaratibu wa kuoga haukuwahi kujadiliwa na mtu. Alitangulia Bibi, kwa sababu ya umri, na umri hauna mjadala. Akafuata mwanawe, Mpimaji, mume wa mshonaji, ambaye alipima viwanja vya watu na alitakiwa awe huko kabla jua halijawa kali. Kisha Wifi, dada yake Mpimaji, aliyekuja kukaa kwa muda baada ya kuachana na mumewe, na muda huo ulikuwa bado unaendelea. Kisha kifungua mimba, kijana mtu mzima aliyekagua mizigo uwanja wa ndege. Mshonaji aliingia wa mwisho. Yeye alifanyia kazi nyumbani, kwa hiyo hakuwa na haraka. Na yeye ndiye aliyepika chai, kwa hiyo hakuwa na nafasi. Ukizipima sababu hizo moja moja, hukuti hata moja yenye kasoro.

Mji ulikuwa juu milimani. Asubuhi ukungu uliingia hadi sebuleni bila kubisha hodi, na maji ya bomba yalifika yakiwa na baridi ya huko yalikotoka. Mabinti wawili wa nyumba ile walikuwa wameolewa miji mingine. Walipopiga simu walisema wako salama, wanakula vizuri, waume zao wanasalimia. Hawakusema wanaoga wa ngapi.

Kila mtu ana namna yake ya kuyapokea maji baridi. Kuna wanaoimba, kuna wanaotukana, kuna wanaorukaruka. Mshonaji alikuwa akishona. Alisimama chini ya bomba la mvua amefumba macho, na maji yalipomgonga utosini alikata kitambaa kichwani mwake, akakunja pindo, akachagua vifungo, akapachika mikono. Akifika miguuni gauni lilikuwa tayari, na lililobaki lilikuwa kujifuta na kwenda kulitoa mezani. Wanawake walitoka mitaa ya mbali kuja kushonewa. Walisema mkono wake una kipaji, na yeye hakuwabishia.

Mwaka ule vidole vikaanza kukaza. Kwanza kidole kidogo cha kulia, kisha jirani yake, kisha mkono mzima ukawa unaamka umekunjika na haukunjuki mpaka saa za mchana. Daktari alivikunja, akavikunjua, akamuuliza maswali. Akamwambia aoge maji ya moto kila asubuhi, moto wa kweli, asimame chini yake bila pupa. La sivyo, alisema, itambidi aiweke sindano chini. Mshonaji alirudi nyumbani akamweleza mumewe. Mpimaji alisikiliza mpaka mwisho, akasema yule daktari ana akili na ushauri wake ufuatwe. Kesho yake akaoga wa pili kama kawaida.

Ndipo tangi likavuja, na fundi bomba akaitwa. Mtaa mzima walimwita Injinia, kwa sababu yeye mwenyewe ndivyo alivyojiita, na hakuna aliyekuwa na muda wa kubishana. Alipanda kwenye kiti, akaligonga tangi kwa kifundo cha kidole, akashuka na sura ya mtu aliyetoka kumwona mgonjwa. Alisema limekwisha. Sasa wachague: waweke tangi jingine, au waingie kwenye hita za kisasa zisizo na tangi.

Baraza likakaa sebuleni. Injinia alieleza, na tuseme kweli, alieleza vizuri. Hita ya tangi ni ghala: inajaza, inachemsha, inakungoja. Umeme ukikatika, kilichokwisha kuchemka unacho. Lakini ina mwisho wake. Aliyechelewa hukuta ghala tupu, na mchana kutwa inachemsha maji ya watu ambao hawapo. Hita ya papo hapo haina tumbo. Maji yanapita ndani yake na kupata moto yakiwa njiani, kwa hiyo ukitaka uoge mpaka Jumapili, hayaishi. Ila inataka waya mnene na maji yenye nguvu. Umeme ukikatika inabaki kuwa pambo la ukutani. Na mtu akifungua bomba la jikoni wewe ukiwa na povu machoni, utajijua mwenyewe.

Bibi alitaka tangi. Alisema kitu kisicho na tumbo hakina akiba, na kisicho na akiba si cha kutegemea. Mpimaji alitaka ya papo hapo, maana alichukia kungoja kitu ambacho kingeweza kupimwa. Wifi naye aliitaka hiyo hiyo, kwa ajili ya nywele zake, ambazo zilikuwa nyingi na zenye mahitaji. Alisema amechoka kugongewa mlango kama mwizi. Kifungua mimba alikumbusha kwamba baada ya harusi yake mchumba wake, mwalimu wa chekechea, angehamia pale, na isingekuwa vizuri akute bafu la zamani. Wote wakaona ni neno la maana. Kisha wakarudi kwenye nywele za Wifi.

Asiyekuwepo na lake halipo, na mshonaji alikuwa jikoni anachemsha chai ya baraza. Kupitia ukutani alisikia Injinia akisema "hayaishi". Alisimama na birika mkononi. Alifurahi, na furaha yenyewe ilikuwa kubwa kiasi kwamba aliogopa kutikisika isije ikamwagika. Wa kwanza au wa tano, hita isiyo na tumbo isingejua tofauti. Alipopeleka vikombe sebuleni hakuulizwa anataka ipi, na hakuona haja ya kuulizwa, kwa kuwa waliokuwa wengi walikuwa wameshaamua anachokitaka.

Tangi la zamani likashushwa, likatolewa nje na kuegemezwa ukutani. Injinia akapitisha waya mnene, akafunga kisanduku cheupe kisichozidi ukubwa wa mkate, akakipangusa kwa mkono wa shati lake. Asubuhi iliyofuata Bibi alioga polepole. Mpimaji alioga huku anapiga mluzi, jambo ambalo halikuwahi kusikika. Wifi aliosha nywele, akazisuuza, akazirudia. Kifungua mimba alitoka na vidole vilivyonyauka kwa maji. Mshonaji alifunika chai, akavua kanga, akaingia.

Maji yalikuwa ya moto. Yalimwangukia utosini, yakashuka shingoni, yakamkumbatia mabega, na mshonaji akalia kwa sauti ndogo, kwa raha tupu, kama mtu aliyepakata mtoto wake. Mvuke ulijaa. Joto likapenya kwenye mabega, likafika kwenye viwiko, na huko kwenye viwiko kitu kikalegea. Maji yaliyokuwa yakichuruzika kutoka kwenye vidole vyake yakaacha kufika sakafuni. Yaliganda njiani.

Barafu ilianza kwenye ncha ya kidole kidogo, nyembamba kama uzi, ikarukia ukutani na kupanda. Ilipanda ikijikunja na kujikunjua, bila haraka, mpaka ikafanya pindo, na juu ya pindo marinda, na juu ya marinda kiuno. Mshonaji aliibana sabuni mkononi mwake akatazama. Kola ilipotokea aliitambua, ni ya pembe tatu. Lilikuwa gauni la nesi jirani, alilolishona mwezi uliotangulia, limesimama ukutani zima, na vifungo vyake vyote, kila kifungo na matundu yake manne. Pembeni yake likaanza jingine. Lile lilikuwa koti la mke wa mwenye duka la dawa, na baada yake sare ya mhudumu wa benki, na baada yake gauni la mikono ya puto ambalo mwenyewe alikuwa amelisahau.

Alipofunga koki bafu lilikuwa limejaa nguo. Mwanga wa kidirisha ulipita katikati yake, ukavunjika, ukamwaga rangi kwenye vigae na kwenye mikono yake iliyolowa. Mshonaji hakuwahi kuona kitu kizuri hivyo, na alikuwa amekifanya yeye. Alijaribu kidole kidogo cha kulia. Kilikunjika kikakunjuka.

Wifi aliingia kuchukua kitana chake. Alisimama mlangoni, akazitazama nguo moja baada ya nyingine.

"Wifi," akasema, "hili la mikono ya puto lilikuwa la nani?"

Mshonaji akamwambia. Wifi akasema lilimpendeza sana yule mama, akachukua kitana, akaenda.

Habari hazina miguu lakini zinatembea. Kufikia mchana wanawake walikuwa wamepanga foleni kwenye ukumbi mdogo wa nyumba, na bila kuambizana walivua viatu mlangoni mwa bafu. Waliongea kwa sauti ya chini. Nesi alisimama mbele ya gauni lake kwa muda, akajisogeza kulia na kushoto, na gauni likamfuata kwa mwangaza wake. Alisema hakuwa amejua kwamba mgongoni ni zuri namna ile. Mke wa mwenye duka la dawa alihesabu mishono ya mfuko akakuta haikupungua hata mmoja. Kila siku maji ya moto yalipomwagika nguo za miaka ya nyuma zaidi zilitoka, na kila siku walikuja wenyewe wakazitambua, na nyumba ilikuwa kimya na yenye heshima, kwa maana walioingia walitoka wameshika midomo.

Siku moja alikuja mama mmoja kutoka ng'ambo ya mto. Kwenye kona, chini kabisa, palikuwa na kigauni cha mtoto wa miaka mitatu, kina mfuko mmoja wenye ua. Mtoto huyo alishafariki zamani. Mama yake hakukigusa. Alichuchumaa mbele yake mpaka magoti yalipomshinda, na mshonaji alipomletea kigoda akakaa, akaendelea kutazama. Alipoondoka alimshika mshonaji mikono yote miwili akamshukuru, akasema ina joto. Mshonaji naye akaona kwamba kweli ilianza kuwa na joto, na usiku huo akatunga uzi kwenye sindano kwa mara ya kwanza bila kuomba msaada.

Watu walistaajabia lesi, walistaajabia vifungo, walistaajabia mwanga. Kwamba baridi yote ile ilikuwa imekaa ndani ya mtu, na ni nani aliyeiweka, hilo halikuulizwa. Aliyekaribia kuliuliza ni Bibi. Alikuja jioni wageni walipokwisha ondoka, akaingia na fimbo yake, akaligusa pindo la gauni mojawapo kwa ncha ya fimbo, polepole.

"Yako imetoka vizuri," akasema. "Yangu ilitoka punjepunje, kama maharage. Nilikuwa mpishi wa shule, ndiyo maana. Nilikuwa nikioga nagawa sahani za wanafunzi kichwani. Ilivunja vile vigae pale, unaviona?"

Mshonaji aliviona. Alikuwa akivisugua miaka yote bila kujua vimepasuliwa na nini.

"Ilikuwa lini, mama?"

"Alipofariki mama mkwe wangu. Ndipo nilipopata maji ya moto."

Mshonaji alingoja. Alidhani Bibi ana neno jingine, na midomo ya Bibi kweli ilicheza kidogo kama ya mtu anayelitafuta. Kisha Bibi akaomba ashikwe mkono avuke ile barafu, maana sakafu inateleza. Asubuhi yake aliingia bafuni wa kwanza.

Na sakafu kweli iliteleza. Hilo lazima lisemwe, ili wenye nyumba wasionewe. Mikono ya magauni iliziba tundu la maji machafu. Taulo la Mpimaji liliganda likasimama lenyewe kama mlinzi. Mafuta ya nywele ya Wifi yaligeuka jiwe, na kifungua mimba alianguka akaumia nyonga siku chache kabla ya kwenda kujitambulisha kwa wakwe. Injinia aliitwa tena. Alifungua kisanduku, akapima umeme, akatumbukiza kipimajoto kwenye maji yanayotoka juu, kisha kwenye yanayofika chini. Akasema hita haina kosa, kosa ni la waya. Akabadilisha waya. Kesho yake likatoka vazi la mahafali lenye mikono mipana kuliko mlango.

Baraza likakaa mara ya pili, na safari hii mshonaji aliombwa aketi. Viti vilikuwa vimejaa, akakaa kwenye mkono wa kochi.

Mpimaji aliuliza maswali kwa utaratibu, kama anayetafuta mpaka wa kiwanja. Je, barafu inatoka mtu mwingine akioga? Haitoki. Je, inatoka mshonaji akinawa mikono tu? Inatoka kidogo, kama uzi. Je, akioga maji baridi? Wote walijua jibu.

"Kwa maji baridi hatujawahi kuwa na tatizo," akasema Wifi. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa akitaja tu jinsi mambo yalivyokuwa.

Mshonaji aliinua mikono yake akaifungua mbele yao, akaifunga, akaifungua.

"Vidole vyangu vimeanza kukunjuka," alisema.

Walivitazama, na walifurahi. Hili nalo lazima lisemwe. Kifungua mimba alimpigia makofi, Wifi alisema alhamdulillahi, na Mpimaji macho yakamlowa, kwa kuwa alimpenda mkewe na alikuwa ameoa mikono ile pia. Akainama, akafikiri kwa bidii, na alipoinua kichwa alikuwa na suluhisho. Tatizo si moto, alisema. Tatizo ni kutokuwa na mwisho. Hita isiyo na tumbo inampa mtu kuliko anavyoweza kutoa kwa adabu. Warudi kwenye tangi, lakini safari hii tangi kubwa zaidi, ili kila mmoja apate fungu lake, na fungu likiisha limeisha. Kwa fungu moja la maji barafu itatoka kidogo kidogo, haitaziba kitu, na mgonjwa atapona taratibu.

"Mimi nilisema tangu mwanzo," akasema Bibi.

Injinia alisema zipo za watu watano, akawatazama mmoja mmoja na kuhesabu kwa kidole. Watano kamili. Penye wengi hapaharibiki neno. Wote walikubali, na sebule ikawa na ile raha ya watu waliotenda haki. Mshonaji alihesabu tena kimoyomoyo, akakumbuka mchumba wa mwanawe, akapata sita. Alifikiri aseme. Kisha akafikiri kwamba la watu sita huenda halipo, na likiwepo labda ukuta hauwezi kulibeba, na baraza likifunguliwa upya nani ajuaye litafungwa vipi. Aliviangalia vidole vyake vilivyolala mapajani, vimenyooka.

"Ahsanteni sana," akasema.

Hita ya papo hapo ikang'olewa, ikafutwa, ikarudishwa kwenye boksi lake na kusukumwa chini ya kitanda cha Wifi, ikiwa nzima na inafanya kazi. Tangi jipya likapanda ukutani. Lilikuwa jeupe, kimya, na moto wake ulimfikia mtu wa tano. Mshonaji alipata dakika zake, na kila asubuhi katika dakika hizo kikatoka kipande kimoja: leo kola, kesho kofia, kesho kutwa mfuko wa suruali ya mtu aliyekwisha hama mji. Aliviweka kwenye beseni akavitoa uani. Watoto wa jirani walipewa vifungo, wakavimumunya wakielekea shule. Wageni walipungua, kama wanavyopungua mahali popote penye jambo lisilokwisha, ila wale waliokuja waliendelea kuvua viatu.

Mikono ikapona. Alishona gauni la harusi la mchumba wa mwanawe, na kwa kuwa hakuwa tena na baridi ya kushonea kichwani, alilibuni mezani kama wanavyofanya wengine, kwa chaki, kwa kufuta na kurudia. Alishangaa kuona kazi ilivyo ngumu. Hata hivyo likapendeza, na bibi harusi alipolijaribu alizunguka mara nyingi chumbani, akicheka, mpaka pini zikamwanguka.

Wiki ile ya harusi barafu ilifika mwisho wake. Mshonaji alijua ni mwisho kwa sababu gauni lililotoka lilikuwa lake. Lilipanda ukutani lenyewe, kwa fungu moja tu la maji, maana lilikuwa dogo: kiuno chembamba, mikono mifupi, kola ya msichana. Hakuwahi kulishona. Alikuwa amelibuni asubuhi yake ya kwanza katika nyumba ile, alipotoka chumbani na taulo akakuta watu wamesimama kwenye ukumbi, akasimama nyuma yao kwa heshima, na zamu yake ilipofika akafungua koki. Aliketi kwenye kigoda akalitazama. Alitaka kumwita mtu, lakini wa kumwita alikuwa yule msichana ambaye angelivaa. Jua lilifika kidirishani, likapita katikati ya kifua cha gauni, na bafu lote likawaka. Kisha pindo likaanza kudondoka, kisha marinda, na yeye hakuondoka mpaka kola ilipoingia kwenye tundu la maji machafu. Tangu siku hiyo maji ya moto yalimpitia kama yanavyompitia mtu mwingine yeyote.

Harusi ilifana, na mwalimu wa chekechea akahamia. Alikuwa msichana mchangamfu, mwenye chaki chini ya kucha. Hakuna aliyemweleza utaratibu. Aliamka mapema akamsaidia mama mkwe wake kukata mikate, na alipochukua taulo akakuta Bibi ameshatoka, Mpimaji yumo ndani, Wifi anangoja na kitana, na mumewe nyuma ya Wifi anapiga miayo. Akasimama nyuma ya mumewe. Mumewe akageuka, akambusu kwenye paji la uso, akamwambia ampishe mama, maana mama ana matatizo ya vidole. Msichana akaomba radhi akarudi nyuma.

Mshonaji aliingia, akaoga, akatoka akifuka mvuke, na mkamwana wake akaingia akafunga mlango. Mshonaji alisimama ukumbini. Alisikia koki ikifunguka. Alisikia maji yakianguka, na halafu ile pumzi inayovutwa kwa ghafla na kuzuiwa isitoke, ili walio nje wasisikie. Angeweza kuchora ramani ya pumzi ile. Boksi lilikuwa chini ya kitanda cha Wifi, hatua chache tu. Mpimaji alikuwa sebuleni anafunga kamba za viatu, na ilihitajika sentensi moja. Mshonaji aliiandaa mdomoni, nzima, na adabu zake zote. Jikoni maziwa yakachemka yakamwagika, akaenda kuyaepua.

Msichana alipotoka midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Alimwamkia mama mkwe wake, na mama mkwe akaitikia.

"Maji yalikuwaje, mwanangu?"

"Mazuri tu, mama."

Mshonaji alimshika mkono. Kule chini ya kidole kidogo, ndani kabisa, palikuwa na kibaridi kidogo mno, ukubwa wa punje. Alikipapasa kwa kidole gumba chake chenye joto, na hakikuondoka.

"Utazoea," akamwambia. Halafu, kwa kuwa alitaka kujua, akauliza, "Ulikuwa ukifikiria nini kule ndani?"

Msichana alicheka, akaona haya kidogo.

"Twiga," alisema. "Leo nawafundisha watoto wanyama, nikawa nachora twiga kichwani. Mzima mzima, mpaka pembe."

Mshonaji akapitisha macho mlangoni mwa bafu, akaitazama dari. Ilikuwa chini. Siku hiyo itakapofika, alifikiri, itabidi watoboe hadi paani. Na akaona hakuna haja ya kumsumbua Injinia sasa, kwa kuwa kazi yenyewe bado ina miaka mingi.